Subaru ya turbo baada ya kubadilishiwa ekzosi nyumbani: dalili, chanzo na marekebisho

Mwongozo huu ni wa Subaru zenye injini ya EJ yenye turbo: Impreza WRX, Forester XT na Legacy GT ya turbo moja, zile zinazoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Kwenye injini hizi turbo imekaa juu, nyuma ya injini upande wa kulia. Moshi hutoka kwenye silinda hedi mbili, hukutana chini ya injini kwenye manifodi, hupanda kwa bomba fupi hadi kwenye turbo (hapa tutaliita bomba la kupandia), kisha hushuka kwa daunpaipu kando ya gearboksi na kupita kwenye katalisti, yaani masega, halafu bomba la kati na sailensa ya nyuma. Injini za FA20 zimepangwa tofauti, turbo yake iko chini kwa mbele, kwa hiyo maelezo ya hapa kuhusu mahali vitu vilipo hayazihusu.

Swali la kwanza: kabla ya turbo au baada ya turbo?

Ukishalijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Kati ya silinda na turbo moshi una shinikizo kubwa, na shinikizo hilo ndilo linalozungusha feni ya turbo. Ukivuja hapo, turbo inachelewa kuamka na gari linapoteza nguvu. Baada ya turbo moshi umeshafanya kazi yake. Ukivuja huko utapata kelele, harufu na sensa ya oksijeni inayosoma uongo, lakini nguvu ya gari hubaki karibu ile ile.

Kuna kundi la tatu ambalo wengi hulisahau: vitu ulivyovifungua ili uifikie kazi. Kwenye EJ intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, na kuifikia flenji ya turbo (uso bapa linapofungiwa bomba) kwa raha lazima uitoe. Hosi zake, klipu zake na gasketi yake havina uhusiano wowote na ekzosi, ila ndivyo vinavyoleta malalamiko mengi ya “nimeweka ekzosi mpya gari likawa zito”. Kabla hujalala tena chini ya gari, fungua boneti uanzie hapo juu.

Ufungaji wenyewe, kwa sababu matatizo mengi huzaliwa hapo

Gari likae juu ya zege au lami iliyo sawa, kwenye stendi nne za chuma. Usitumie matofali, kwani tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Injini ipoe masaa kadhaa na betri itolewe waya wa hasi. Vaa miwani. Kutu inayodondoka ukiwa umelala chali inaingia machoni, si penginepo.

Kwa kazi ya kuanzia turbo hadi nyuma andaa gasketi ya flenji ya turbo na daunpaipu, gasketi ya kiungo cha daunpaipu na bomba la kati, gasketi ya kiungo cha sailensa, nati au bolti tano mpya za flenji ya turbo (uzi wa M10x1.25, spana namba 14), na raba mpya za kuning'inizia. Ukigusa bomba la kupandia ongeza gasketi mbili, moja kila ncha. Ukishusha manifodi ongeza mbili za silinda hedi. Gasketi ya zamani hairudishwi. Imeshabanwa mara moja ikashika umbo la flenji ya zamani, na haitaziba tena.

Kwenye turbo weka gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa. Zile za karatasi ya grafaiti zinazouzwa kwa bei ndogo hupulizwa zikatoka kipande baada ya kipande, hasa upande wa juu ambao huwezi kuuona. Wala usisaidie gasketi kwa silikoni. Mvuke wa silikoni hupaka ncha ya sensa ya oksijeni na kuiharibu, na kipande kikikatika kabla ya turbo kinaenda moja kwa moja kwenye feni inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kabla ya kupandisha kitu chochote, weka rula ya chuma juu ya flenji ya bomba jipya na utazame dhidi ya mwanga. Mabomba ya kuchomelea mara nyingi flenji yake imepinda kwa joto la kuchomea, na flenji iliyopinda haizibwi na gasketi wala kwa kukaza zaidi. Ipelekwe kwa mkerezaji akailainishe.

Mpangilio wa kukaza ni muhimu kuliko nguvu ya mkono. Ning'iniza mabomba yote kwanza na nati zote ziingie kwa vidole tu. Kisha kaza flenji ya turbo kwa mpangilio wa nyota, mzunguko wa kwanza kama Nm 20, wa pili Nm 35. Baada ya hapo ndipo ufunge kishikio cha daunpaipu kilichoko kwenye gearboksi, na uendelee kurudi nyuma kiungo kwa kiungo. Ukianza na kile kishikio, kinaivuta daunpaipu upande mmoja na flenji ya turbo inakaa kitako nusu. Siku ya kwanza haitavuja. Itavuja wiki ya pili, gasketi ikishaungua upande uliokuwa umelegea.

Endesha gari, liache lipoe, mara tatu au nne hivi, halafu rudia kukaza likiwa baridi. Nati za ekzosi hulegea kidogo gasketi inapokaa, na hilo ni jambo la kawaida.

Nati haifunguki, au stadi imevunjika

Magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu nzito chini. Yaliyokaa miaka mingi Tanga, Mombasa au Zanzibar hupata kutu hiyo hiyo kutokana na hewa ya bahari. Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi. Tumia soketi yenye pembe 6, maana ya pembe 12 hula kichwa cha nati kilichokwisha liwa na kutu. Anza kwa kukaza kidogo, robo ya robo ya mzunguko, ili uivunje kutu iliyoshika, kisha ndipo ulegeze. Ukisikia imelegea halafu inarudi kuwa ngumu, usilazimishe. Rudisha nyuma, nyunyiza tena, nenda mbele na nyuma.

Ikigoma kabisa, choma nati kwa moto wa gesi, si stadi (kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho nati imefungwa juu yake). Nati ikipanuka peke yake inaachia uzi. Kwanza futa dawa uliyonyunyiza kwa sababu inawaka, na uhakikishe moto hauelekei kwenye bomba la oili la turbo, waya za sensa wala bomba la petroli. Kizima moto kikae mkononi mwa mtu wa pili.

Stadi ikitoka pamoja na nati yake, hiyo ni bahati njema: weka stadi mpya. Ikivunjika ikabaki kipande cha kushika, funga nati mbili juu yake, zibanane, kisha zungusha ile ya ndani. Kipande kikiwa kifupi mno, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomea hulegeza kutu kuliko dawa yoyote ya chupa. Ikivunjika sawasawa na uso wa flenji, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, toboa kwa biti ndogo ya 3 mm kisha uongeze taratibu. Biti inayokata kinyume mara nyingine huinasa stadi ikatoka yenyewe wakati wa kutoboa. Kile chuma cha kung'olea bolti kitumie kwa woga: kikikatika ndani ya stadi, ni kigumu kiasi kwamba biti za kawaida hazikitoboi, na kazi ya saa moja inakuwa ya kushusha turbo.

Kwenye silinda hedi uzi uko ndani ya aluminiamu. Stadi ikitoka na uzi, tengeneza kwa helikoili (springi ya uzi inayotiwa ndani ya tundu) ya M10x1.25. Usiweke bolti nene zaidi kwa kulazimisha, hedi itapasuka.

Sensa ya oksijeni hufunguliwa kwa soketi ya 22 mm yenye mfereji wa kupitisha waya, injini ikiwa na uvuguvugu. Chomoa plagi yake kwanza. Anayezungusha sensa huku waya umeshikwa upande wa pili anausokota waya mpaka unakatika ndani ya ganda lake, na nje huoni kitu.

Sauti ya tiki-tiki injini ikiwa baridi, inapungua ikipata moto

Huu ni uvujaji wa kabla ya turbo. Kila silinda inapotoa moshi, kiungo kilicholegea hupiga mlio mmoja mkavu. Chuma kikipata joto hupanuka, mwanya unajifunga, na sauti inapungua au inapotea, ndiyo maana mwenye gari hudhani limejiponya. Halijapona. Mwanya unaendelea kuliwa na moto, na mwisho hautafunga tena hata injini ikiwa moto.

Chanzo ni moja kati ya sehemu tatu: gasketi za silinda hedi, kiungo cha manifodi na bomba la kupandia, au kiungo cha bomba la kupandia na turbo. Kama hukugusa manifodi, usifikiri hedi ni salama. Kuvuta daunpaipu iliyoganda huku bomba lote likining'inia kumeshalegeza gasketi nyingi za huko mbele.

Tatizo ni kwamba kwenye EJ nyingi zenye umri pistoni hugonga kuta za silinda injini ikiwa baridi, na mlio huo nao hupungua ikipata moto. Utatofautishaje? Mlio wa pistoni ni mzito, unatoka ndani ya bloku na hauachi alama. Uvujaji ni mkavu zaidi, na huacha masizi meusi au ya kijivu yaliyotawanyika kuanzia ukingo wa gasketi. Chukua mpira wa maji wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na kila kiungo mara tu baada ya kuwasha. Unapofika penye mwanya sauti inapasuka sikioni. Weka mpira mbali na feni za rejeta na mikanda.

Kipimo cha uhakika hakihitaji hata kuwasha gari. Injini ikiwa baridi, chomeka blowa kwenye tundu la sailensa ya nyuma, uzibe mwanya kwa kitambaa kilicholowa, kisha nyunyiza maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo kuanzia nyuma kwenda mbele. Usizibe sailensa kwa nguvu mno, unataka shinikizo dogo tu. Mapovu makubwa yanayokua haraka ndiyo uvujaji. Hewa kidogo itasikika ikipita hadi kwenye njia ya kuingizia hewa, kwa sababu kuna valvu zilizosimama wazi, na hiyo haina ubaya.

Turbo inachelewa, gari zito

Tazama moshi kwanza. Kama gari ni zito na linatoa moshi mweusi ukikanyaga, linasitasita unapobadilisha gia, tatizo liko upande wa hewa na si upande wa ekzosi. Sensa ya hewa imeshahesabu hewa iliyoingia, kompyuta imeshapima petroli ya kutosha, halafu sehemu ya hewa inatorokea kwenye hosi ya intakula. Petroli inabaki nyingi. Angalia hosi kati ya intakula na throtoli, ambayo mara nyingi hurudishwa ikiwa imejikunja ukingo mmoja. Angalia pale turbo inapoungana na intakula, na gasketi ya valvu ya kurudisha hewa yenye bolti mbili. Hosi ikiwa na mafuta haishiki: ipanguse kwa kiyeyusho, ikauke, ndipo uirudishe. Klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka, isikae juu yake.

Kama hakuna moshi mweusi lakini kuna tiki-tiki na turbo inaamka mizunguko mia kadhaa baadaye kuliko zamani, rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Kama vyote ni vizima na busti (shinikizo la hewa ambayo turbo inaisukumia injini) inaishia karibu bar 0.5 tu, westigeti, yaani mlango mdogo unaopitisha moshi kando ya feni ili busti isizidi, inafunguka mapema. Hicho ndicho kiwango cha springi yake peke yake. Plagi ya solenoidi ya busti (valvu ya umeme inayoiongoza westigeti) haikurudishwa, au hosi nyembamba zimebadilishana nafasi. Tazama pia hosi inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye solenoidi: ndani yake kuna kizibo kidogo cha chuma chenye tundu jembamba sana, na ukiipapasa hosi kwa vidole utakisikia kama uvimbe mdogo mgumu. Anayebadilisha hosi iliyopasuka bila kukihamisha hicho kizibo anatupa kilo za busti jalalani. Bila kizibo hewa nyingi inafika kwenye westigeti, na solenoidi haiwezi kuipunguza.

Jambo lingine kwa magari ambayo bomba lake la kupandia lina katalisti ndani: zile sega zikivunjika vipande vyake huingia kwenye turbo na kula feni. Ukiifungua daunpaipu, zungusha feni kwa kidole. Ikikwama, ikigusa ukuta au ikiwa na meno yaliyolika, ekzosi mpya haitasaidia chochote.

Busti inapanda kupita kiasi, gari linakatakata

Unakanyaga, gari linavuta vizuri kuliko zamani, halafu ghafla kama limegonga ukuta: limekata petroli. Kompyuta inailinda injini. Acha kukanyaga hadi upate chanzo, maana pistoni za EJ hupasuka kwenye mbavu za ringi busti ikizidi. Subaru hizi za soko la Japani zilitengenezwa zitumie petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo petroli ya oktani ndogo hukuachia nafasi ndogo zaidi ya kukosea.

Bila geji ya busti utakuwa unabahatisha. Ukiwa nayo, tazama busti inapanda vipi. Ikiruka juu mara moja mapema, kwenye mizunguko ya chini na ya kati, westigeti haifunguki kabisa: hosi yake imechomoka, imepasuka au imeyeyuka kwa kugusa daunpaipu, au ulimi wake umezuiwa. Ikifika kiwango sahihi, ikatulia, halafu ikaendelea kupanda polepole kadiri mizunguko inavyoongezeka kwenye gia ya 3 au ya 4, westigeti inafunguka yote lakini tundu lake ni dogo kwa moshi unaopita. Ekzosi pana imeondoa kizuizi kilichokuwa kikisaidia kushikilia busti.

Ulimi uliozuiwa ni kosa la ufungaji. Baadhi ya daunpaipu zina ukuta wa ndani unaotenganisha moshi wa feni na moshi wa westigeti, na ukuta huo usipokaa sawa ulimi unaugonga kabla ya kufunguka wote. Gasketi isiyo yake nayo hufunika nusu ya tundu. Kipimo kifanyike kabla ya kukaza: shika daunpaipu mahali pake na gasketi yake, unganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye hosi ya westigeti, pampu taratibu. Mkono wa westigeti uende mwendo wote bila kukwama na urudi wenyewe. Ukilinganisha mwendo huo na ule wa bila daunpaipu utajua papo hapo. Pampu ya baiskeli inatosha, ila usipite bar 1.

Busti ya kutambaa, yaani ile inayoendelea kupanda polepole, haina dawa ya bure. Ama urudishe sehemu yenye kubana zaidi (daunpaipu yenye katalisti, bomba la kati la 63 mm badala ya 76 mm), ama turbo ipelekwe kwa mkerezaji apanue tundu la westigeti, na baada ya hapo kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Kuficha tatizo kwa kuondoa ulinzi wa kukata petroli ni kuiua injini, na fundi anayekupendekezea hilo mwache.

Taa ya cheki injini

Baadhi ya Subaru za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazizungumzi na visomeo vya bei ndogo vya bluetooth. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna plagi mbili nyeusi zinazoning'inia peke yake. Ziunganishe, washa swichi bila kuwasha injini, na taa itapiga msimbo: mimweko mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Zile za kijani ni za majaribio, usiziguse kwa kazi hii.

Kwenye magari yanayosoma misimbo ya kawaida, P0037 au P0038 ni saketi ya kupashia moto sensa ya nyuma. Baada ya kubadilisha ekzosi maana yake karibu kila mara ni plagi haikuingia au waya umeungua kwa kulala juu ya bomba. P0136 ni ishara ya sensa hiyo hiyo. Kagua waya kabla ya kununua sensa. P0420 inasema katalisti haifanyi kazi inavyotakiwa: imeondolewa, iliyowekwa ni hafifu, au kuna mwanya karibu na sensa ya nyuma unaovuta hewa safi. Fanya kipimo cha sabuni kwanza, ndipo ufikirie katalisti nyingine. P0171, mchanganyiko mwembamba, hutokea sensa ya mbele inapovutiwa hewa. Kwenye EJ nyingi sensa hiyo iko kabla ya turbo, na kati ya mapigo ya moshi mwanya mdogo hunyonya hewa ya nje. Kompyuta inadhani petroli haitoshi na kuongeza, gari linakula mafuta bila sababu.

Wapo wanaouza vipachiko vya kuisogeza sensa ya nyuma ili taa izime. Taa itazima, sumu itaendelea kutoka. Gari la barabarani libaki na katalisti. Zipo zenye matundu mapana zinazopitisha moshi wa turbo bila kubana sana.

Harufu ndani ya gari

Kama ni harufu ya moshi, usiendeshe ukiwa umefunga vioo, na usiwape watoto lifti mpaka upate chanzo. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, na inaua. Turbo iko karibu na ukuta wa dashibodi, hivyo moshi unaovuja kwenye flenji yake huingia kwenye tundu la kuvutia hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Moshi wa kiungo cha nyuma huingilia kwenye raba ya buti, hasa ukiendesha kioo kimoja wazi.

Harufu nyingine zina maana zao. Mafuta yanayoungua, hasa ukisimama kwenye taa, ni gasketi za kava za valvu zinazodondosha oili juu ya manifodi, tatizo la kawaida la EJ ambalo huenda lilikuwapo kabla hujafungua bolti hata moja. Grisi inayoungua ni buti ya ndani (mfuko wa raba unaoshika grisi) ya draivi shafti ya kulia: ekzosi inapita karibu nayo sana, na bati la kukinga joto likitupwa wakati wa kufunga bomba jipya, raba hiyo hukauka, ikapasuka na kumwaga grisi juu ya bomba. Rudisha bati. Harufu tamu ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hosi ndogo za turbo ulizozisogeza.

Kugonga, kutetemeka, mngurumo wa kuchosha

Bati la kukinga joto lililolegea hulia kama kopo kwenye mizunguko fulani tu. Libane kwa klipu ya chuma, usiling'oe. Mgongano mzito unapopita tuta ni bomba kugusa krosimemba ya gearboksi, propela shafti au difu. Acha nafasi isiyopungua 10 mm pande zote, ukipima gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, si limening'inia. Kisha kumbuka joto: bomba la chuma la mita moja likifika nyuzi 400 hurefuka karibu 5 mm, la chuma kisichoshika kutu karibu 7 mm. Kwa hiyo bomba lisilogusa asubuhi linaweza kugonga baada ya nusu saa ya barabara kuu. Legeza viungo, lisogeze, kaza tena.

Mvumo unaouma masikio kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 si kasoro ya ufungaji. Ni bomba pana lisilo na chemba ya kati. Ongeza sailensa ndogo katikati, au rudisha ya nyuma ya kiwandani. Kufunga bomba kwa bolti ngumu badala ya raba huupeleka mtetemo wote kwenye bodi.

Na kama umeweka manifodi yenye mabomba yaliyolingana urefu, ule mngurumo wa Subaru wa kudundadunda utatoweka. Unatokana na mabomba yasiyolingana, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Moshi baada ya kuwasha

Dakika 10 hadi 20 za mwanzo bomba jipya huchoma mafuta ya kiwandani na alama za mikono yako. Fanya hivyo nje, si ndani ya gereji. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha nao si tatizo. Mweupe usioisha huku maji ya rejeta yakipungua ni hosi ya turbo au gasketi ya silinda hedi.

Moshi wa buluu usiokuwapo kabla ya kazi unaelekeza kwenye hosi ya kurudisha oili chini ya turbo. Hosi hiyo hukunjwa kwa urahisi unapotoa bomba la kupandia. Oili ikishindwa kushuka hujaa ndani ya turbo na kupenya kwenye sili zake hadi kwenye ekzosi. Inyooshe, au weka mpya kama imekauka na kupasuka, kisha angalia kipimo cha oili na uiongeze ikipungua. Oili iliyokwisha ingia kwenye sailensa itaendelea kuungua kwa safari kadhaa hata baada ya kurekebisha. Ikiwa moshi haupungui na shafti ya turbo inacheza juu na chini ukiishika kwa vidole, turbo yenyewe ndiyo inayohitaji kushushwa.